Usinase sauti ya mtaa wetu mbele ya bafle

Leo nasema na vijana wanaotengeneza muziki hapa Kolwezi, wale wa Manika na Dilala wenye kompyuta moja, bafle mbili na programu ya midundo. Wazazi waliohamishwa, nanyi sikilizeni, maana sauti zinazozungumzwa hapa ni zenu.

Mtaa ukibomolewa kwa ajili ya mgodi, watu wanahesabu vyumba, mabati na miti ya maembe. Hakuna anayehesabu kwaya ya Jumapili wala nyimbo za arusi. Mnamo Septemba 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa kwetu walitoa ripoti iliyoeleza namna familia za Cité Gécamines zilivyoondolewa ili mgodi wa shaba na kobalti upanuke. Majirani waliokuwa wakiimba pamoja wametawanyika. Sauti zao zimebaki ndani ya simu, katika video fupi ambazo watu wanatumiana, na sasa vijana wanazitia ndani ya nyimbo zao. Mimi naunga mkono. Ninachokataa ni namna wanavyozichukua.

Kijana anacheza video kwenye kompyuta, anaweka simu mbele ya bafle, ananasa. Sauti iliyokuwa safi ndani ya kompyuta inapita hewani na kuingia kwenye maikro ya simu pamoja na jenereta ya jirani, pikipiki na mvua juu ya mabati. Mwenzake naye ananasa nakala hiyo kwa njia ileile. Mara ya tatu, mama anayeimba humsikii tena maneno. Na kama simu yenye video ya kwanza imeibiwa, wimbo umekwisha.

Dawa haina bei. Kwanza, omba faili yenyewe. Kama mwenye simu bado anayo, ainakili kwenye kle ya USB, au aitume kwa WhatsApp kama dokimo, si kama video, kwa sababu video hubanwa na kupungua ubora. Faili ikipatikana, hakuna haja ya kunasa chochote.

Ikiwa sauti inachezwa tu na faili haipatikani, inase ndani kwa ndani, kabla haijafika kwenye bafle. Audacity ni programu ya bure. Kwenye Windows, mahali pa kuchagua mfumo wa sauti chagua WASAPI, kisha chagua kifaa chenye neno «loopback». Kwenye Linux tafuta chanzo kilichoandikwa «Monitor». Mac haina njia hiyo tayari ndani ya Audacity. Wengi huweka programu ndogo ya bure iitwayo BlackHole. Zima WhatsApp ya kompyuta kwanza, la sivyo mlio wa ujumbe utaingia katikati ya kwaya. Angalia pia mstari wa kipimo usifike kwenye nyekundu, maana sauti iliyopasuka hairudi. Hifadhi kwa WAV: dakika moja inachukua karibu megabaiti 10, na kle ndogo ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya saa kumi na mbili.

Katanga hii inajua faida ya kunasa vizuri. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alinaswa na Hugh Tracey kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zaidi ya miaka 70 imepita na bado unasikia kidole kinavyogusa uzi wa gitaa. Lakini kumbukeni pia kwamba maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 iko Afrika Kusini. Sauti yetu ilitunzwa vema, ila mbali nasi.

Sasa neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kunasa ndani kwa ndani kunarahisisha kuchukua, na kuchukua si ruhusa. Nasikia vijana wakisema, «Yaya, iko kwenye WhatsApp, ni ya wote.» Hapana. Sheria ya nchi, ile namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda mtunzi na pia msanii anayeimba. Na hata tukiacha sheria, mama aliyeimba kwenye matanga ya mwanawe hakuimba ili watu wacheze kwenye baa. Mtafute. Mara nyingi si vigumu: aliyekutumia video anajua nani aliipiga. Mwambie unataka kufanya nini, mchezee mdundo, umsikilize akikataa. Akikubali na wimbo ukaleta falanga, mgawane.

Najua jibu: familia zimetawanyika, nani atazunguka kutafuta? Ndiyo, ni kazi. Basi hata kabla ya kumpata, usimkate. Nasa wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, andika jina la mtaa, mwaka na jina la mwimbaji kama linajulikana, weka nakala mbili mahali tofauti, ndipo ukate kipande chako kwenye nakala nyingine. Watoto wake walioko Likasi au Lubumbashi wakija kuuliza, utakuwa na wimbo mzima wa kuwapa.