UZI: Kabla hujanunua kile kitini cha takwimu

1. Manesi wenzangu mnaorudia hesabu za sekondari ili mkaongeze elimu, leo sipaki mafuta. Vile vitini vya "maswali na majibu" vya takwimu vinavyouzwa steshenari, achaneni navyo. Vinafundisha kunakili.

2. Kifungue uone. Swali, chini yake kanuni, chini yake jibu. Unasoma, unatikisa kichwa, unajiambia nimeelewa. Sasa funika jibu, badilisha namba mbili tu kwenye jedwali, fanya peke yako. Hapo ndo utajua kama ulielewa au ulisindikiza macho.

3. Chukua wastani. Wagonjwa 5 wamesubiri dakika 10, 10, 15, 20 na 120. Jumla 175, gawa kwa 5, unapata 35. Kitini kinaishia hapo, tiki. Lakini wanne kati yao hawakuzidisha dakika 20! Huyo wa 120 ndiye aliyeivuta namba. Mediani, yaani namba inayokaa katikati ukizipanga, ni 15. Mkubwa wako akiiona 35 atailaumu zamu nzima. Akiiona 15 peke yake, hatajua kuna mtu amesahaulika kwenye benchi masaa mawili. Kitabu kisichokuonyesha hilo kimekufundisha kujumlisha na kugawanya, na hayo uliyajua tangu msingi.

4. Utasema, "Sista, mimi nataka kufaulu tu." Sawa. Halafu utarudi kliniki ya watoto. Chati za ukuaji za WHO za mwaka 2006 zina mstari wa 0, wa -2 na wa -3. Ule wa 0 ni mediani. Hizo nyingine zinahesabiwa kwa mkengeuko sanifu, kipimo cha namba zinavyotawanyika. Ni mada ileile uliyoikariri! Mama anakuuliza, "Mwanangu yuko chini ya mstari, maana yake nini?" Kanuni ya kipeuo haitamjibu.

5. Mfano mwingine. Oktoba 1995 Uingereza ilitangazwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Wanawake wengi wakaviacha, mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba vikaongezeka. Maradufu ya ngapi? Ilikuwa kutoka mwanamke 1 hadi 2 kati ya 7,000. Na ujauzito wenyewe unaongeza hatari hiyo kuliko vidonge. Kitabu kizuri kinakuzoesha kuuliza "ya ngapi?" kabla hujatetemeka.

6. Basi chagua hivi. Kwanza, kiwe na data za vitu halisi, si x na f tupu. Pili, kikueleze kwa maneno jibu lina maana gani. Tatu, mazoezi yawe mengi na majibu yakae mbali, nyuma ya kitabu au mwisho wa sura, ili ujikamue kwanza. Kikikosa kimojawapo, kirudishe kwenye shelfu.

7. Kwa mtihani, shika muhtasari wa somo na kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa kuelewa, OpenStax wana vitabu vya takwimu vya bure, unapakua na kusoma kwenye simu. Khan Academy nao wana video na mazoezi bila malipo. Kiingereza kikikukaba, soma aya moja, funga, jieleze kwa Kiswahili kama unavyomweleza mgonjwa. Ukikwama kueleza, hujaelewa, rudia.

8. Na lile faili la vitabu 60 ulilotumiwa kwenye grupu? Futa, baki na kimoja. Mitihani iliyopita ina kazi yake: ni kipimo cha mwishoni, ukishajifunza. Hakuna anayempima mgonjwa presha akasema ameshamtibu.

Mtumie mwenzio aliye zamu ya usiku.