Faili ya data iseme yenyewe: hii ni tarehe, hii ni namba

Namba za simu nchini Kongo zinaanza na sifuri: 081, 097, 099. Lakini orodha ya wagonjwa ikitumwa kwa faili ya CSV na kufunguliwa katika Excel, mara nyingi sifuri hiyo inapotea. Kompyuta inaona tarakimu, inadhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina maana. Muuguzi anayetaka kumpigia mama ambaye mtoto wake amekosa chanjo anabaki na namba pungufu.

Kosa si la Excel peke yake. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Haisemi kama "03/04" ni tarehe 3 mwezi wa 4, jinsi Wakongo wanavyoandika, ao Machi 4, jinsi Wamarekani wanavyoandika. Tena Wakongo wanaandika desimali kwa koma kama Wafaransa. Dozi ya 2,5 isipofungwa kwa alama za kunukuu, inakatwa kuwa safu mbili: 2 na 5.

Hata mabingwa wa sayansi wamepatwa. Mwaka 2020, kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu, HGNC, ilieleza kwamba imebadilisha majina kama SEPT1 kuwa SEPTIN1, kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe ya Septemba 1.

Wanaopinga aina za data ndani ya faili wanasema CSV ni nyepesi na inafunguka popote. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba aina haimalizi yote: kujua 2,5 ni hesabu hakuonyeshi kama ni mililita ao gramu. Lakini anayejua maana ya kila safu ni yule aliyeijaza. Asipoandika, anayepokea analazimika kubahatisha.

JSON imepiga hatua: inatenganisha maandishi na hesabu, ingawa haina aina ya tarehe. XML Schema inayo tangu mwaka 2001. Kwa hiyo ufundi upo. Mashirika yanayokusanya data za afya yaudai katika kila mfumo yanaolipia. Wakati wa kungoja, kila CSV iambatane na ukurasa mmoja unaoeleza safu zake, na tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka: 2024-04-03.