Ghala la pakeji si mchezo, lakini langu silifungi

Nimekaa kimya muda mrefu, najua. Radi ilinichomea ruta na adapta mbili (wanaoishi Kisumu wanajua radi za huku hazitanii), halafu kazi ya kutafuta mkate ikanishika. Lakini leo nina la kusema, kwa sababu juzi rafiki yangu, naye ni mtu wa programu kama mimi, ameniuliza kwa mara ya nne: "Hilo ghala lako ni la nini, wakati siku hizi mtandao una kasi?"

Kwa wageni, nieleze kwanza. Ninaendesha ghala dogo la pakeji za programu ambazo zimekwisha kukompailiwa, kwa ajili ya kompyuta ndogo za bodi moja, hasa Raspberry Pi za zamani. Seva yenyewe ni Raspberry Pi 4 yenye diski ya SSD, imekaa juu ya kabati langu hapa Mamboleo pamoja na betri ya gari. Bodi zinazochota kwake ni kama arobaini hivi: maabara ya kompyuta ya shule moja, wanafunzi kadhaa, vipima hali ya hewa vichache, na vipimo vya maji kwenye vizimba vya samaki kando ya ziwa. Sio Google. Lakini ni yangu kuamka usiku kwa ajili yake.

Kukompaili ni nini? Chukua mahindi na unga. Msimbo ambao binadamu ameuandika ni mahindi: unaweza kumpelekea mtu yeyote, akausaga mwenyewe kwa kinu chake. Pakeji iliyokompailiwa ni unga. Umeshasagwa, uko tayari kwa sufuria, ila umesagwa kwa ajili ya prosesa ya aina fulani tu, na ukiutazama kwa macho huwezi kujua kilichosagwa humo.

Sasa, kuna ndugu zetu wa programu huria wanaoshikilia kwamba kila mtu asage mwenyewe, ndio uhuru. Nawaheshimu. Lakini nawaomba wachukue Raspberry Pi Zero, ile ya kwanza ya mwaka 2015 iliyouzwa dola 5, yenye kiini kimoja cha prosesa na kumbukumbu ya megabaiti 512, kisha waikompailie NumPy. Mimi nimefanya. Unaanza saa mbili usiku, kumbukumbu inajaa, bodi inaanza kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu mfululizo (na kadi hizi hufa kwa kuandikwa), saa tisa usiku stima inapotea, na asubuhi unaanza upya. Mwanafunzi akipitia hayo mara mbili anarudi kucheza mpira, na simlaumu.

Tatizo hili lina historia, na nataka muijue kwa sababu ndiyo iliyokuja kuniuma. Raspberry Pi ilipotoka Februari 2012, prosesa yake ilikuwa ya kizazi kinachoitwa ARMv6, lakini yenye kitengo chake cha kukokotoa desimali. Debian ilikuwa inatengeneza toleo jipya la kutumia kitengo hicho, ila liliamua kuanzia ARMv7 kwenda juu. Pi ikabaki katikati: toleo la zamani la Debian liliiwia polepole, na jipya halikukubali kabisa. Mike Thompson na Peter Green wakaamua kusaga upya maelfu ya pakeji za Debian kwa ajili ya bodi hiyo tu, na mwaka huohuo wa 2012 tukapata Raspbian. Fikiria kazi hiyo! Baadaye Ben Nuttall na Dave Jones wakafanya jambo la namna hiyohiyo kwa maktaba za Python, mradi unaoitwa piwheels: mashine zao zinasaga, wewe unashusha faili lenye mwisho wa .whl na ndani ya dakika umemaliza. Mfumo wa Raspberry Pi wa biti 32 ukaja umeelekezwa huko tayari. Wengi wamekula unga wa watu hawa bila kujua majina yao.

Basi, rafiki yangu anasema, kama piwheels ipo, wewe wa nini?

Jibu la kwanza ni umbali. Wanaokumbuka miaka ya nyuma wanajua kwamba zamani barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa mwingine iliweza kupandishwa kwa setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. KIXP, kituo cha kubadilishana data pale Nairobi, kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, kikafungwa na mdhibiti, na kikarudi 2002 baada ya mvutano. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zikafika 2009. Tukasahau taabu. Kisha tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zikakatika upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikatambaa kama konokono. Wiki hiyo mwalimu wa ile maabara alikuwa anaandaa kompyuta kumi na mbili. Alizimaliza mchana mmoja, kwa sababu kila kitu kilitoka Mamboleo na hakikuhitaji kuvuka bahari. (Ukweli wa kuchekesha: kama mwalimu anatumia kampuni moja ya mtandao na mimi nyingine, data yetu bado inakwenda Nairobi kusalimiana kisha inarudi Kisumu. Lakini Nairobi ni afadhali kuliko London.)

Tena kuna bei. Mtu anayenunua bando kwa siku hashushi megabaiti mia mbili za majaribio. Huyo hupita kwangu na flash, ananakili anachotaka, tunakunywa chai, anaondoka. Hiyo nayo ni mtandao.

Jibu la pili ni gumu zaidi na lazima nianze kwa kukiri kosa.

Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa samaki kwenye vizimba upande wetu wa ziwa walipata hasara kubwa sana. Samaki walielea wamekufa, vizimba kwa vizimba. Wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni majini. Ghuba ya Winam ni ya maji mafupi. Upepo ukiyapindua, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu, na usiku ndio mbaya zaidi kwa sababu mimea ya majini nayo inavuta oksijeni badala ya kuitoa. Samaki wa ziwani hukimbia. Wa kizimbani atakimbilia wapi?

Baada ya hapo tuliunganisha vipimo vichache: kihisi cha oksijeni, Pi Zero, betri, kipande cha sola, na modemu ya kutuma ujumbe mfupi kwa simu ya mwenye kizimba oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita. Akipata ujumbe anaacha kuwalisha na, ikibidi, anavuna waliokomaa kabla hawajafa. Programu yote ilitoka kwenye ghala langu, na bodi zilijisasisha zenyewe usiku. Nilijiona mjanja.

Usiku mmoja nikatengeneza upya maktaba ya kusoma kihisi. Mashine ya kusagia ilikuwa mpya, nikaiwekea Debian ya kawaida kwa haraka, badala ya mfumo wa Raspberry Pi. Sasa sikiliza mtego ulivyo: Debian huita toleo lake la ARMv7 "armhf", na Raspbian nayo ikaliita toleo lake la ARMv6 "armhf". Jina moja, unga tofauti! Kisimamizi cha pakeji kinasoma jina tu, kinaona sawa, kinasakinisha. Bodi mpya zilifanya kazi vizuri. Zero zote kumi na moja zilipokea pakeji, zikajaribu kuiendesha, prosesa ikakutana na amri isiyoijua, programu ikafa. Hakuna moshi, hakuna kelele. Taa ya kijani inawaka kama kawaida.

Siku ya tatu mama mmoja mwenye vizimba upande wa Bondo akanipigia. "Mwanangu, chombo chako kilikuwa kinanitumia habari kila asubuhi. Siku mbili hizi kimenyamaza. Ziwa limetulia, au ni chombo kimekufa?"

Nikamwambia, "Pole mama, ni mimi. Nimekosea."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi uniambie mapema ukikosea. Mimi nilikuwa nimelala."

Ziwa lilikuwa limetulia siku zile, hakupoteza samaki. Upepo mbaya ulikuja wiki iliyofuata. Hiyo ilikuwa bahati yangu, haikuwa akili yangu, na nimeshindwa kulisahau neno lake la kwamba alikuwa amelala. Kabla ya chombo changu alikuwa akiamka mwenyewe usiku kwenda kutazama maji.

Tangu siku hiyo nina Zero moja imetundikwa ukutani kwa msumari. Ghala lina rafu mbili, ya majaribio na ya imara, na hakuna kitu kinachoingia rafu ya imara kabla Zero ya ukutani haijakiendesha kwa siku mbili. Pia nakagua kila faili kwa amri ya readelf -A, ambayo inakuonyesha limesagwa kwa kizazi kipi cha prosesa. Ni sekunde moja. Sekunde ambayo sikuitumia usiku ule.

(Na kwa yeyote anayetaka kujaribu, mtego mwingine mdogo: Zero haina saa ya betri. Ikizimika na kuwaka bila mtandao inadhani bado ni jana au mwezi uliopita, halafu inakataa orodha ya pakeji kwa sababu eti imetoka siku za mbele. Weka saa kwanza, ndipo usasishe. Nilipoteza Jumapili nzima kwa hili.)

Kuna wanaoniambia niachane na hizi bodi za zamani, watu wanunue mpya za biti 64 na mambo yaishe. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini bodi iliyofungwa ndani ya sanduku lisilopenya maji, ikalipiwa kwa mchango wa watu sita, haibadilishwi kwa sababu mtu wa Nairobi amechoka nayo. Nimeona miradi mingi huku kwetu. Inakuja na vifaa, stika, picha ya pamoja, halafu mwaka wa pili hakuna hata senti ya mtu wa kusasisha programu. Kifaa kina bajeti, matunzo hayana. Debian 12 ilipotoka 2023 ilikuwa na Python 3.11; Debian 13 ya 2025 ina 3.13, pakeji nyingi zilizosagwa kwa ile ya kwanza hazifai ya pili. Kila mara kuna mtu lazima asage upya. Nasema kazi hii ingekuwa ya vyuo vyetu, vyenye stima ya uhakika kuliko ya kwangu na wanafunzi wanaotafuta miradi ya mwisho kila mwaka. Kabati la Mamboleo si mahali pake.

Na hapa ndipo penye kunikosesha usingizi kweli. Ufunguo wa kutia sahihi pakeji ninao mimi peke yangu. Bodi zote arobaini zinakubali chochote chenye sahihi hiyo. Nikiugua, zinabaki na matundu ya usalama bila kuzibwa. Nikimpa mtu asiyefaa, ni mabaya zaidi. Mnakumbuka Machi 2024, Andres Freund alipogundua mlango wa siri ndani ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1? Maktaba ile ilishikiliwa na mtu mmoja aliyechoka, akajitokeza msaidizi mwenye bidii, akaaminiwa kidogo kidogo kwa miaka, kumbe. Nilipoisoma habari ile nilijiona mimi ndani yake, na nikaahirisha kumpa mtu yeyote ufunguo kwa mwaka mzima. Leo naona niliogopa vibaya. Mchovu mmoja ndiye aliyekuwa tatizo la kwanza, kabla ya yule mwizi.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kuna kijana mwanafunzi Bondo ambaye amekuwa akinitumia marekebisho, mengine yakinisahihisha mimi. Atakuwa na mashine yake ya kusagia, mimi yangu. Kila pakeji itasagwa mara mbili, kwake na kwangu, kutoka mahindi yaleyale, na seva haitatoa kitu mpaka alama za hesabu za faili zote mbili zilingane herufi kwa herufi. Watu wa Debian wamefanya kazi hii ya kusaga kunakolingana kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo sibuni kitu. Pakeji chache zinakataa kulingana, nyingi kwa sababu ya ujinga mdogo kama tarehe iliyoandikwa ndani ya faili. Tumebakiza saba.

Jumamosi napanda matatu kwenda Bondo na kadi ya kumbukumbu mfukoni. Mama wa vizimba amesema nipitie kwake, ana maswali kuhusu betri. Na kama una Pi Zero ya zamani imelala kwenye droo, usiitupe, kijana anahitaji ya kutundika ukutani kwake. Msumari tunao.