MAMLUKI NA MWENYE KUMLIPA: WOTE WENDE KIZIMBANI

Kuna neno linalotembezwa na wakubwa wa dunia, nalo lasema: "Waliotenda hayo si jeshi letu, ni wafanya kazi wa kampuni." Kwa neno hili damu ya wanaadamu imegeuzwa hesabu ya duka. Aliyepiga risasi husema katumwa. Kampuni husema imefuata mkataba. Serikali iliyolipa husema haikuona. Maiti amelala, na mwuaji hapatikani. Sisi twasema kuwa hiyo si biashara, ni khiyana, na sheria yenye kuivumilia imewasaliti raiya.

Ushahidi hatuufuati mbali. Tuwatazame ndugu zetu wa Ngazija, Nzuwani na Mwali. Mwaka 1975 Bob Denard, Mfaransa aliyeikodisha bunduki yake, alitumika upande wa Ali Soilih dhidi ya Ahmed Abdallah. Mwezi wa Mei 1978 mtu yule yule alirejea kwa bahari na wenziwe wapatao 50, akampindua Ali Soilih na kumrudisha Abdallah. Mwezi haukwisha ila Ali Soilih alikuwa maiti. Abdallah akawafanya mamluki hao wakuu wa walinzi wake, na fedha zikatoka kwa makaburu wa Afrika ya Kusini. Kikulacho ki nguoni mwako: Novemba 1989 Abdallah aliuawa kwa risasi ofisini mwake, na Denard alikuwamo. Mwaka 1995 akaja tena, akampindua Said Mohamed Djohar, mpaka lilipofika jeshi la Ufaransa kumwondoa.

Jee, hukumu ilikuwaje? Kwa kifo cha Abdallah, mahakama ya Paris ilimwachia huru mwaka 1999. Kwa mapinduzi ya 1995, alitiwa hatiani mwaka 2006, akapewa kifungo cha nje cha miaka 5. Rufaa ya 2007 ilimtaka akae ndani mwaka 1. Mwaka huo huo akafa kabla ya kuutumikia. Mahakama ilitambua kuwa idara za siri za Ufaransa zilikuwa na khabari ya mpango ule, lakini hapana bwana wa idara hizo aliyesimama kizimbani pamoja naye. Visiwa vilipinduliwa, na deni halikulipwa.

Asidhani mtu kuwa mambo hayo yamezikwa na Denard. Alikuwa mtu na genge lake. Waliomfuata wana ofisi, mawakili na risiti. Tarehe 16 Septemba 2007, katika uwanja wa Nisour mjini Baghdad, walinzi wa kampuni ya Kimarekani ya Blackwater waliwamiminia risasi raiya, wakafa watu 17. Mahakama za Iraq hazikuweza kuwagusa, maana Amri Namba 17 ya watawala wa Kimarekani ya mwaka 2004 iliwakinga. Wanne walitiwa hatiani Washington mwaka 2014. Disemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote wanne. Na huko Moura, nchini Mali, Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulieleza kuwa watu wasiopungua 500 waliuawa na jeshi la nchi likiwa pamoja na askari wa kigeni.

Sheria zimesemaje? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai humshitaki mtu, haiishitaki kampuni. Hati ya Montreux ya mwaka 2008 ni nasaha, haimfungi yeyote. Afrika ilitunga mkataba wake dhidi ya mamluki mwaka 1977, na mwaka 2014, huko Malabo, ikaandika itifaki ya kuipa mahakama ya Afrika uwezo wa kuyahukumu hata makampuni. Itifaki hiyo inahitaji nchi 15 kuiridhia. Miaka 10 baadaye hesabu ilikuwa haijatimia. Tena wakubwa walijiwekea humo kinga ya kutoshitakiwa wakiwa madarakani. Mlango wamejenga, na ufunguo wametia mfukoni!

Watatokea wasemao kuwa makampuni haya hulinda meli na balozi. Mlinzi wa lango hatuna ugomvi naye. Tunayemtaka ni muuaji, na anayemlipa akijua. Wala asituambie mtu kuwa haliwezekani: Novemba 2024, baraza la wazee wa mahakama huko Virginia liliiamuru kampuni ya CACI iwalipe Wairaki watatu walioteswa Abu Ghraib dola milioni 42. Walikaa kesini tangu 2008, wala hawakukata tamaa.

Basi madai yetu ni haya:

1. Mkataba wowote wa kukodi askari usiwe na kinga ya jinai.
2. Kampuni ishitakiwe pamoja na mtumishi wake, na mkubwa aliyetoa amri asisazwe.
3. Kesi isikilizwe pale damu ilipomwagika. Nchi hiyo ikishindwa, popote mtuhumiwa aonekanapo.
4. Itifaki ya Malabo iridhiwe, na kinga ya wakubwa ifutwe.

Ndugu Wanachama, kisiwa ni kidogo. Boti moja ya usiku yatosha kukipindua, kama jirani zetu walivyoona. Waulizeni wawakilishi wenu wanasimama wapi katika mambo haya manne. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.