KAZI ZA UANI: MPIRA WA KIOO CHA GARI KUUKUU



Nina gari dogo la Volkswagen, lile la mgongo wa mviringo, nililoachiwa na marehemu baba yangu. Magari haya yaliachwa kutengenezwa mwaka 2003, huko Mexico. Basi aliye nalo hana budi kulitunza. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umekauka na kupasuka. Kila masika maji yaliingia, nami nikafuta kwa kitambaa, nikaridhika. Siku nilipoinua zulia nikaona bati limeliwa na kutu, hata kidole chapenya. Ndipo nilipomwita mwanangu tukaanza kazi.

Njia yake ni hii. Kata mpira wa zamani kwa kisu, kisha sukuma kioo polepole kutoka ndani, na mwenzio akipokee nje. Sugua mdomo wa bati kwa msasa mpaka kutu iishe, upake rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke barabara. Vika kioo mpira mpya. Katika mfuo wa nje wa mpira zungusha kamba nyembamba, ncha zake zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni. Usipake mafuta wala grisi, maana huharibu mpira. Weka kioo mahali pake kwa nje, ncha za kamba ziwe ndani. Mmoja avute kamba taratibu, nayo itauinua ukingo wa mpira na kuupandisha juu ya bati. Mwingine akandamize kwa kiganja palepale kamba itokapo.

Sisi tulipofika pembeni, mwanangu alisema, "Baba, tungoje, hapa mpira haujapanda." Mimi, niliyezoea kusikizwa na watoto darasani, sikumsikiza, nikapiga kwa ngumi. Kioo kikapasuka toka pembe hata pembe.

Sikuwa na wa kumlaumu. Nilimtaka radhi mwanangu, naye akaona haya kuliko mimi. Ilitupasa kungoja miezi miwili mpaka zipatikane fedha za kioo kingine, na gari likakaa uani limefunikwa turubai. Mara ya pili yeye ndiye aliyevuta kamba na kuamrisha, nami nikakandamiza niliambiwapo. Tukamwagia ndoo tatu za maji. Ndani halikuingia tone.

Enyi wazazi, kijana ashikapo kazi pamoja nanyi, msikizeni. Huenda jicho lake limeona msiloliona.