Mashine zilitangulia nyongeza

Ndugu yangu, ukiambiwa wachuma majani chai wa Kericho na Bomet wamejiletea mashine kwa kudai mishahara, uliza miaka. Walishagoma kupinga mashine 2010. Mahakama ya kazi iliwapa nyongeza ya asilimia 30 mwaka 2016. Kampuni zikakata rufaa, wakagoma tena Oktoba 2017. Sasa kipi kilitangulia?

Mgomo una gharama, tusidanganyane. Majani yasipochumwa yanakomaa shambani, kiwanda kinalala, anayelipwa kwa kilo anarudi nyumbani mikono mitupu, na mwenye duka mtaani anabaki kukopesha tu. Hakuna anayegoma kwa mchezo. Kabla hujamlaumu mchumaji, piga hesabu yake kwanza. Kisha simama naye mpaka alipwe haki yake.