Kompyuta Isiyoamka ni Somo, si Taka

Imekuwa desturi katika shule zetu nyingi kwamba chombo kikikataa kufanya kazi hufunikwa kitambaa, hupelekwa ghalani, na huko husubiri siku ya kufutwa katika daftari la mali. Darubini iliyolegea skrubu, mizani iliyopinda na redio iliyonyamaza hukutana humo. Siku hizi kompyuta nazo zimejiunga nazo. Maoni yangu ni kwamba kompyuta isiyoamka ni kifaa bora cha kufundishia sayansi, na kuifungia ghalani ni kuwanyima wanafunzi somo ambalo hawatalipata kwa chaki.

Nayasema haya kutokana na mashine moja ya zamani hapa Kitangari. Ni BBC Micro, kompyuta ya nyumbani na ya shule iliyotolewa na kampuni ya Acorn ya Uingereza mwezi Desemba 1981. Ililetwa na mwalimu mgeni katika miaka ya 1990, ikatumika, kisha ikakaa kabatini miaka mingi katika unyevu wa masika na vumbi la kiangazi. Kabla ya kuijaribu, fundi wa redio alibadilisha kapasita za kuchuja umeme, kwa maana katika mashine za umri huo hizo hupasuka ganda na kufuka moshi. Tulipoiwasha, ilitoa mlio mmoja usiokoma, na skrini ikabaki tupu.

Wanafunzi hawakukawia kutoa hukumu. Wa kwanza alisema imekufa. Wa pili alisema prosesa imeungua. Wa tatu alisema ina virusi. Niliziandika hukumu zote tatu ubaoni, kisha nikauliza: tutajuaje? Ile ya virusi ilianguka mapema, kwa sababu programu ya kuiamsha mashine hii imo katika chipu za kumbukumbu ya kudumu, ambazo haziwezi kuandikwa upya zikiwa kazini. Zile mbili zilingoja ushahidi.

Kazi ya kutafuta hitilafu ina utaratibu wake, nao ni ule ule aufuatao fundi wa maji. Wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde wanaujua vema, kwa kuwa maji yao husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, kama kule Mitema. Bomba la Newala likikauka, fundi mwenye akili haanzi kwa kuvunja bomba la mlangoni. Huuliza kwanza kama pampu inazunguka, kisha huifuata njia ya maji, tangi kwa tangi. Hali kadhalika, kompyuta huhitaji mambo manne ili iamke: umeme wa kiasi sahihi, mapigo ya saa yanayoongoza mwendo wake, ishara ya kuanza, na kumbukumbu inayosomeka.

Tulianza na umeme. Volti 230 za mkondo geu zinazotoka ukutani hugeuzwa ndani ya mashine kuwa volti 5 za mkondo mnyoofu. Chipu za wakati ule zilitaka kati ya volti 4.75 na 5.25. Multimita yetu ilionyesha 4.9. Kwa kipimo kimoja cha dakika mbili, hukumu ya kwamba mashine imekufa ilipoteza nguvu.

Kisha tuliusikiliza mlio. Katika BBC Micro, chipu ya sauti hulia yenyewe mara ipatapo umeme. Programu ya kuanzia ndiyo huinyamazisha, na baadaye mashine hutoa mlio mfupi wa pili. Kwa hiyo mlio usiokoma una maana: umeme umefika, lakini programu haijafika. Mashine ilikuwa ikitueleza ugonjwa wake tangu mwanzo, nasi tukauita kelele.

Prosesa ya mashine hii, iitwayo 6502, inapoanza kazi haijui lolote isipokuwa jambo moja: husoma namba mbili zilizohifadhiwa katika anwani za 65,532 na 65,533, nazo huielekeza mahali programu inapoanzia. Mguu mmoja tu wa chipu ya kumbukumbu usipogusa vizuri, namba hizo hupotoka, na prosesa huenda isikotumwa, kama msafiri wa Masasi aliyepandishwa gari la Tandahimba. Tulichomoa plagi, tukagusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, tukang'oa chipu tatu zilizokaa katika soketi. Miguu yake ilikuwa imefanya weusi. Mwanafunzi mmoja aliisugua polepole kwa kifutio cha penseli. Tulipozirudisha na kuwasha, tulisikia milio miwili, na skrini ikaandika jina la mashine na ukubwa wa kumbukumbu yake, 32K.

Hapana budi nikiri kosa letu. Tulisafisha chipu tatu kwa pamoja kabla ya kujaribu, basi mashine iliamka bila kutuonyesha ni ipi iliyokuwa na ila. Daftarini tuliandika, "mguso mbaya katika moja ya chipu tatu," wala hatukuwa na haki ya kuandika zaidi. Kanuni ya kubadili jambo moja kwa wakati mmoja wanafunzi walikuwa wameikariri tangu Kidato cha Kwanza. Siku hiyo waliielewa.

Wapo watakaosema kwamba mashine ya 32K haina faida katika zama za simu za mkononi. Kwangu uzee wake ndio faida. Sehemu zake zinaonekana na kila mguu unapimika, ilhali ndani ya simu kazi zote zimefichwa katika chipu chache zisizofikika. Wengine wataogopa hatari, na hofu hiyo ni ya haki: kisanduku cha umeme kisifunguliwe na wanafunzi, na televisheni ya zamani yenye mgongo mrefu isifunguliwe kabisa, kwani maelfu ya volti yaweza kubaki ndani yake hata plagi ikiwa imechomolewa. Wakuu wa shule nao watahofia mkaguzi wa mali ya serikali. Lakini mali iozayo ghalani haijalindwa, imeandikwa tu.

Taifa letu lina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matumizi yake serikalini kuleta hasara badala ya manufaa, na fedha za kigeni zikiwa adimu, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua hadi ikaondolewa katika miaka ya 1990. Sababu zake zilikuwa na uzito. Hata hivyo, naona kwamba kufunga mlango hakumfundishi mtu kwa nini mashine ilimshinda. Ghala la shule ni marufuku ndogo ya namna hiyo hiyo, nayo haikuamriwa na mtu yeyote.

Napendekeza basi kila shule ya sekondari itenge kompyuta moja iliyoharibika kwa ajili ya kufunguliwa, itafute multimita moja, na ianzishe daftari la hitilafu lenye safu nne: dalili, dhana, kipimo, matokeo. Mkuu wa shule atie saini kuidhinisha kazi hiyo, ili mwalimu asifanye kwa woga. Nawe mwanafunzi, mashine ikikataa kuamka mbele yako, usiseme imekufa kabla hujaandika neno katika safu ya tatu.